Kisa cha Barra: ndege inayongoja maji yapwe

Muuguzi mmoja, mzaliwa wa Likoni, anafanya kazi katika hospitali ya Manchester. Mwenzake wa wodini alikuwa anaolewa Jumamosi moja ya mwezi Mei katika kisiwa cha Barra, magharibi mwa Scotland, naye akaalikwa. Akanitumia ujumbe wa sauti: "Kaka, zamu yangu inaisha Alhamisi jioni, na Jumanne alfajiri lazima niwe kazini. Nimeona kuna ndege kutoka Glasgow, na kuna treni halafu meli. Nishike ipi?"

Mpango alikuwa nao tayari, ila hajalipia. Ijumaa asubuhi apande treni Manchester, afike Glasgow Central kabla ya adhuhuri, aende uwanja wa ndege, aruke mchana. Jumatatu arudi kwa njia ileile na kuwahi treni ya mwisho ya kurudi Manchester. Kwa aliyezoea safari za Milan hadi Roma au London hadi Birmingham, mpango huo hauna kasoro. Treni zafuatana mchana kutwa. Ukikosa hii unapanda ile. Barra haina "ile". Ukikosa ndege au meli, mara nyingi umekosa siku nzima, na harusi haingoji.

Barra ina watu wapatao 1,200, karibu na ncha ya kusini ya mlolongo wa visiwa vya Outer Hebrides. Mji wake ni Castlebay, penye ngome ya Kisimul iliyojengwa juu ya mwamba katikati ya ghuba. Uwanja wa ndege uko kaskazini ya kisiwa, na ni ufuo mtupu, Tràigh Mhòr. Tangu 1936 ndege zinatua juu ya mchanga mgumu unaolowa maji ya bahari. Njia za kurukia ziko 3, zimelazwa kama pembetatu, na ncha zake zina alama za nguzo za mbao. Maji yakijaa zote zinazama. Yakipwa, na ikiwa hakuna ndege, wenyeji hushuka papo hapo kuokota kombe. Ukiona mfuko wa kitambaa wa kuonyesha upepo umetundikwa na uwanja uko kazini, unatakiwa kutoka ufuoni.

Ndege yenyewe ni Twin Otter yenye viti 19, injini mbili na magurudumu yasiyokunjwa. Ni ya Canada, iliruka mara ya kwanza mwaka 1965, na aliyewahi kwenda Maasai Mara kwa ndege huenda ameshaipanda. Haihitaji lami wala njia ndefu. Serikali ya Scotland hulipia sehemu ya gharama za safari hii, kwa sababu hakuna mfanyabiashara ambaye angeiendesha kwa faida, na wakazi wa visiwa wana punguzo lao la nauli. Mgeni halipati.

Nilipomwambia kwamba ratiba ya ndege inafuata maji, alicheka. "Kwa hiyo nitazame mwezi?" Ndiyo, atazame mwezi. Mtu wa pwani hahitaji kufundishwa jambo hili: maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku husogea mbele, kwa wastani kama dakika 50. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, Barra hupwa mchana na kuacha ufuo mpana. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mchana ndio maji yamejaa, kwa hiyo ndege hutafuta nafasi asubuhi au jioni. Hali ileile iko kwetu, isipokuwa kwetu anayeitegemea ni mvuvi na mkulima wa mwani, na kule anaitegemea pia rubani.

Wiki ya harusi ilikuwa ya bamvua. Ijumaa maji yangepwa kabisa mapema mchana, na hilo lilifanya mpango wake uonekane mzuri. Lakini kufikia Jumatatu kupwa kungekuwa kumesogea kwa takriban saa mbili, na ndege ya siku hiyo iliwekwa jioni. Safari ya angani huchukua zaidi kidogo ya saa moja. Kutoka hapo mpaka katikati ya Glasgow, kisha treni ya mwisho, kisha zamu ya alfajiri: mnyororo ule haukuwa na pumzi hata kidogo. Asingetazama majedwali ya maji asingelijua, maana programu ya simu humwonyesha saa ya ndege bila kumwambia kwa nini saa hiyo hubadilika.

Maji, hata hivyo, ndiyo sehemu ya kuaminika kuliko zote katika safari hii. Majedwali yake hutolewa mapema kabisa na hayakosei. Kinachochelewesha ndege ni ukungu, mawingu yaliyoinama na upepo wa ubavuni. Peke yake, ukungu wa asubuhi ni jambo dogo. Uwanja wa kawaida ungengoja upungue, ndege ikachelewa saa mbili, watu wakanung'unika na kuondoka. Barra, saa mbili hizo zinaweza kuwa ndizo zile ambazo ufuo ulikuwa wazi. Ukungu unafumuka, jua linawaka, na mahali pa kutua pameshakuwa bahari. Ufuo pia hauna taa za njia ya kurukia, hivyo safari za ratiba ni za mwanga wa mchana tu. Kuchelewa kwa saa moja huko kunaweza kugeuka siku nzima, na hilo ndilo nililotaka alielewe kabla hajatoa kadi ya benki.

Mwisho wa pili wa mnyororo uko Glasgow, nao unashangaza kidogo. Uwanja wa ndege wa Glasgow hauna stesheni ya treni. Reli ya kuufikia ilipangwa, ikafutwa na serikali ya Scotland mwaka 2009. Unashuka Glasgow Central, unatafuta basi nambari 500, ama unapanda treni hadi Paisley Gilmour Street na kumalizia kwa basi. Si mbali, lakini barabara kuu ya M8 ina foleni zake.

Sasa linganisha na Oban, bandari ya meli ya Barra. Reli ilifika Oban mwaka 1880, ikajengwa mpaka gatini kwa makusudi, kwa sababu siku zile treni na meli zilikuwa biashara moja. Mpaka leo unashuka behewani na kutembea hatua chache kwenda melini, hata kama unavuta sanduku. Sehemu nyingi za Ulaya ziko hivyo: bandari ya karne ya 19 imeshikana na reli, uwanja wa ndege wa karne ya 20 umeachwa peke yake nje ya mji. Anayetaka kuchanganya ndege ndogo na treni aanze kuangalia hapo, kabla ya kuangalia nauli.

Kuna na suala la tikiti, nalo huwaumiza watu kuliko ukungu. Treni ya Manchester ni mkataba mmoja, ndege ya Barra ni mkataba mwingine. Treni ikichelewa ukakosa ndege, kampuni ya treni itakurudishia sehemu ya nauli ya treni, basi. Kampuni ya ndege haina deni kwako. Ndege iliondoka kwa wakati, wewe ndiye hukuwepo. Sheria ya Uingereza ya abiria wa ndege, iliyorithiwa kutoka Umoja wa Ulaya, inakulinda ndege yenyewe inapochelewa au kufutwa, na haijali ulifikaje uwanjani. Upande wa treni na meli mambo ni laini zaidi: ScotRail huuza tikiti moja inayounganisha treni na meli za visiwani, kwa jina la Rail & Sail.

Kwa hiyo nilimshauri aupindue mpango wake. Aende kwa treni na meli, arudi kwa ndege, tena arudi Jumapili, si Jumatatu.

Alipinga. "Kaka, meli ni karibu saa tano baharini. Mimi feri yangu ni ya dakika kumi, na hata hiyo naichoka." Nikamweleza hesabu yangu. Ndege inabeba 19, meli inabeba mamia, na anayekwenda kwa miguu bila gari hupata nafasi kwa urahisi, maana kinachojaa kwanza ni sehemu ya magari. Ndege ikifutwa, abiria wake wote wanaweza kumezwa na meli ya kesho. Meli ikifutwa, ndege haiwezi kuwameza abiria wake. Chombo kidogo basi kiwekwe upande wa safari ambao una kesho, yaani kurudi. Angekwenda kwa ndege Ijumaa mchana ikafutwa, meli ya siku hiyo ingekuwa imeshaondoka Oban. Ya Jumamosi ingemfikisha Castlebay jioni, watu wameshakata keki.

Hesabu hiyo ina tundu, na nilimwonyesha. Ijumaa meli ikifutwa kwa dhoruba, angebaki kubahatisha kiti cha ndege kati ya vile 19. Nilimwambia Alhamisi usiku aangalie mambo mawili, utabiri wa upepo na viti vilivyobaki. Mei kwa kawaida bahari ile huwa na adabu. Januari nisingethubutu kusema hivyo.

Jambo la mwisho lilikuwa kulala Glasgow Alhamisi. Hilo alilipinga zaidi kuliko meli, kwa sababu ya pesa ya hoteli. Nadhani hapa ndipo watu wengi wanapokosea hesabu: wanagawa akiba yao ya muda vipande vidogo, dakika arobaini hapa, saa moja pale, kisha treni moja inakula vipande vyote. Afadhali akiba yote ikae mahali pamoja, na mahali pake ni usiku, kabla ya chombo kinachoondoka mara moja kwa siku.

Alhamisi treni yake ilisimama njiani kusini mwa Carlisle, umeme wa waya za juu ukiwa na hitilafu, akafika Glasgow karibu usiku wa manane badala ya saa nne. Alinitumia picha ya kikombe cha chai ya karatasi bila maneno yoyote. Ungekuwa ni mpango wa kwanza, kuchelewa kama huko Ijumaa asubuhi kungemlia ndege. Hapa kulimlia usingizi tu, na nauli nikamfundisha jinsi ya kuidai.

Asubuhi alivuka mji kwa miguu. Glasgow ina stesheni kuu mbili. Treni za Uingereza ya kusini huingia Central, za Oban hutoka Queen Street, na kati yake ni mwendo wa dakika kumi. Kuna na mtego mwingine. Treni ya Oban mara nyingi huondoka imeunganishwa na ya Fort William na Mallaig, kisha huko Crianlarich zinatenganishwa, kila kipande na njia yake. Aliyekaa kwenye behewa lisilo lake anajikuta anavuka nyika ya Rannoch huku meli yake inapiga honi Oban. Muulize kondakta, usione haya. Anaulizwa kila siku.

Njia yenyewe sina haja ya kuisifu, alinitumia picha za kutosha kujaza simu. Ila kuna kipande kimoja, chini ya mlima Cruachan, ambacho treni hupita polepole. Pembeni mwa reli kuna uzio wa waya uliowekwa miaka ya 1880. Jiwe likiporomoka na kukata waya, ishara za reli hugeuka nyekundu zenyewe. Upepo ukipita, waya hulia, ndiyo maana wenyeji huuita piano ya Anderson, kwa jina la John Anderson, katibu wa kampuni ya reli ile. Unasaidia, si kila mara: Juni 2010 jiwe lilianguka kutoka eneo la chini ya uzio bila kuugusa, na treni ya abiria ikaacha reli. Reli za pembezoni ndivyo zilivyo, njia moja tu, milima juu, maji chini, na kikitokea kitu hakuna njia ya kuzunguka.

Meli ilitoka kwa wakati. Bahari ilikuwa shwari kiasi kwamba aliona aibu kwa vidonge vya kichefuchefu alivyonunua. Na ndege ya Ijumaa? Iliruka salama. Wapo watakaosema basi ushauri wangu ulimpotezea mchana mzima wa bure. Mimi sipimi mpango kwa siku ambayo kila kitu kilikwenda sawa.

Harusi naiacha, si yangu kuisimulia. Nitasema tu kwamba Barra ni kisiwa cha Wakatoliki, na Jumapili vyombo vinakwenda kama kawaida baada ya misa. Huko kaskazini kwenye kisiwa cha Lewis, kwa Waprotestanti washika Sabato, meli ya Jumapili kutoka Stornoway kwenda Ullapool ilianza 2009 tu, na haikuanza bila ubishi. Anayepanga safari ya visiwa hivi kwa Jumapili asidhani visiwa vyote ni kimoja.

Jumapili asubuhi ukungu ulikaa ufuoni. Jengo la abiria ni dogo, lina mgahawa, na aliyekupokea mzigo unaweza kumkuta baadaye nje akifanya kazi nyingine. Ndege ilikuwa bado Glasgow. Haikuwa na maana kuja kuzunguka juu ya wingu. Akanipigia. "Kaka, wanasema tungoje. Maji yako wapi?" Nilikuwa na jedwali mbele yangu. Kupwa kulikuwa bado, kisha yangeanza kurudi, na nilikadiria walikuwa na nafasi mpaka katikati ya alasiri. Kuchelewa kulipozidi saa mbili alipewa kinywaji na chakula bila kulipa, kama sheria inavyotaka kwa safari fupi. Fidia ya pesa hapana. Kwa ndege za chini ya kilomita 1,500 sheria hiyo inataja pauni 220 ukifika umechelewa saa tatu au zaidi, lakini ukungu ni kitu ambacho kampuni haikukisababisha wala isingeweza kukizuia, na kwa hali kama hiyo hailipi.

Nilimuuliza kama ana wasiwasi. Akasema hana, kwa sababu ikifutwa atapanda meli ya kesho asubuhi na bado Jumatatu usiku atalala kwake. Hapo nilijua ameelewa safari yake.

Ukungu ulipanda baadaye kidogo ya saa saba. Ndege ilikuja, ikatua ikirusha maji pande zote mbili kama pikipiki inayopita dimbwini, walioshuka wakashuka, mizigo yao ikapelekwa kwenye kibanda cha nje kinachofanana na kituo cha basi. Abiria wa kurudi walipanda baada ya muda mfupi. Hakuna mhudumu ndani. Rubani mmoja aligeuka kwenye kiti chake akawaeleza mikanda na milango. Kutoka dirishani, alisema, maji yalikuwa yameshaanza kufunika nguzo za upande wa mbali.

Alilala Glasgow usiku wa pili, jambo ambalo safari hii pia hakulipenda kwa sababu ya pesa, na Jumatatu mchana alikuwa Manchester akifua nguo. Ndege ya Jumatatu, ile aliyotaka kuipanda mwanzo, ilikwenda salama lakini nusu saa nyuma ya ratiba. Sijui kama angewahi treni ya mwisho. Mimi nisingeweka zamu ya wagonjwa juu ya swali hilo.

Juzi ameniuliza kuhusu Desemba, maana bibi harusi amemwalika tena. Jibu langu limebadilika. Desemba kisiwani kuna mwanga wa saa saba hivi, na ndani ya hizo ndimo ufuo uwe wazi, upepo utulie na ukungu usiwepo. Siku za maji mafu, maji hujaa mchana katikati ya mwanga huo mfupi. Meli nayo Desemba hufutwa kwa mawimbi. Nimemwambia achukue siku mbili za ziada kila upande na asinunue ndege kabisa, aende na kurudi kwa tikiti moja ya treni na meli. Kama bado anataka kuruka, kuna uwanja wa lami huko Benbecula: feri ya dakika 40 kutoka Barra hadi Eriskay, kisha barabara zilizojengwa juu ya maji zinaunganisha kisiwa na kisiwa mpaka uwanjani. Ndege za Glasgow hutua pale bila kungoja maji. Ila hiyo feri ndogo nayo ina upepo wake, na nimemwomba aniulize tena Novemba.